Kusoma kibao cha Barabara ya Forbes bila kugongwa

Ukitoka Bedford kwenda Ligonier, Pennsylvania, kwa Barabara ya 30, angalia vibao vya kihistoria vya Barabara ya Forbes, vya buluu vyenye maandishi ya manjano. Usifunge breki ghafla, malori ya huku hayana huruma. Pita, egesha panapofaa, urudi kwa miguu ukitazamana na magari.

Maelezo ya kibaoni ni mafupi, kwa hiyo nenda na yako: mwaka 1758 jeshi la Waingereza lilikata njia hii msituni kuiendea ngome ya Wafaransa, Fort Duquesne, ilipo Pittsburgh leo. Jenerali John Forbes, mgonjwa hoi, alibebwa kwenye machela baina ya farasi wawili. Kufika, Wafaransa wameshaichoma ngome na kuondoka!

Mimi humalizia kwenye ngome ya Fort Ligonier, iliyojengwa upya. Kuna kiingilio.