Hoteli ya Kisumu kwa mgeni asiye na gari

Ukiwa na gari, hakuna hoteli ya mbali Kisumu. Usipokuwa nalo, maswali mawili ndiyo huamua kama likizo itakuwa ya raha au ya kulipa boda kutwa: utarudi vipi chumbani saa tatu usiku, na basi au treni itakushusha wapi, saa ngapi. Bwawa la kuogelea na picha za taulo zilizokunjwa umbo la bata vifuate baadaye.

Usiku tunautilia mkazo kwa sababu mchana Kisumu hausumbui. Tuktuk, matatu na boda ziko kila kona, na katikati ya mji njia za watembea kwa miguu zilitengenezwa upya kuelekea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, kwa hiyo unaweza kutembea bila kusukumana na magari. Lakini mji uko karibu kabisa na ikweta. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, na giza halichelewi kuingia. Kuanzia hapo matatu za mitaani hupungua, bei ya boda hupanda, na barabara ambayo asubuhi ilikuwa ya kupendeza kwa miti yake inageuka ya kutafuta tochi.

Kabla ya kutazama hoteli hata moja, andika mahali utakapokwenda kweli. Wengi wanaokuja kwa siku mbili tatu huwa na orodha inayofanana: Barabara ya Oginga Odinga na Mnara wa Saa, Makumbusho ya Kisumu kwenye Barabara ya Nairobi, soko la Kibuye (Jumapili ndiyo siku yake kubwa), Hifadhi ya Impala kando ya ziwa, na Dunga kwa mashua na samaki. Zitie alama kwenye ramani ya simu. Utaona kwamba zote isipokuwa Kibuye ziko katikati ya mji au upande wa kusini, kuelekea ziwani. Hoteli ya kaskazini kwa hiyo inakulazimu kuvuka mji kila siku, kwenda na kurudi.

Sasa pima. Chagua njia ya miguu kwenye ramani, usitumie ya gari, na usidanganywe na umbali wa kuchora mstari ulionyooka. Kati ya mji na ziwa kuna reli, bandari na viwanja vyao. Hoteli inayoonekana kupakana na maji inaweza kukuzungusha sana kabla hujafika ufuoni. Kwa joto la Kisumu, hesabu dakika 12 kwa kilomita ukiwa mikono mitupu, na 15 au zaidi ukiwa na begi. Kilomita moja hadi mahali pa chakula cha jioni ndiyo mwisho wa kutembea kwa raha. Ikizidi mbili, kubali kwamba kila usiku utalipia usafiri, na uiingize gharama hiyo kwenye bei ya chumba.

Katikati ya mji, kwenye Oginga Odinga, Ang'awa na vichochoro vyake, ndiko tunakomshauri mgeni wa mara ya kwanza. Steji kuu iko karibu, stesheni ya reli iko chini kidogo kuelekea ziwani, benki, maduka ya dawa na mikahawa yote yako hatua chache. Ubaya wake ni kelele. Vilabu hupiga muziki hadi alfajiri mwisho wa wiki, adhana hulia kabla ya kupambazuka, na wapiga debe stejini huamka mapema kuliko jogoo. Dawa yake ni kuomba chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu kwenda juu, kisha kuuliza jengo la jirani ni la nini. Hoteli tulivu iliyo juu ya klabu haipo.

Milimani ni mtaa wa miti mikubwa na nyumba za zamani, kati ya mji na Hifadhi ya Impala. Kwa mtu asiye na gari ndio mtaa bora kwa usiku wa pili na kuendelea: kimya, hewa ya ziwa, na hifadhi inafikika kwa miguu. Kasoro ni kwamba matatu hazipiti ovyo ndani ya mtaa, na taa za barabarani hazipo kila mahali. Hoteli ya Milimani iwe na jiko lake linalopika hadi saa nne usiku, la sivyo utakuwa unatoka kila jioni kutafuta ugali.

Dunga ni suala la pekee. Iko kilomita tatu nne kutoka mjini, penye kinamasi cha mafunjo ambacho wapenda ndege hukifuata kutoka mbali kwa ajili ya gonoleki na ndege wengine wa mafunjo. Ndege hao husikika zaidi alfajiri, saa ambayo tuktuk mjini bado ni chache. Mashua nayo ni afadhali asubuhi, kwa sababu alasiri upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi hupanda. Kama ndege na mashua ndivyo vilivyokuleta, lala huko huko, ule samaki huko huko, na mji uutembelee mchana. Kama ni vya nusu siku tu, lala mjini na ukodi tuktuk ya kwenda. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, uliza barabara ya mwisho hadi langoni ni lami au ya udongo. Begi la magurudumu kwenye matope ni adhabu.

Mtaa wa Kondele kuna uhai, chakula cha bei nafuu na matatu za kila upande, lakini pia ndiko maandamano hukusanyika mara nyingi na barabara kufungwa. Asiye na gari wala mwenyeji akwame huko? Hapana. Vilima vya Riat, kwenye barabara ya Kakamega, vina mandhari ya ziwa ambayo picha hazitii chumvi. Ni pazuri kwa mwenye gari. Matatu itakuacha barabara kuu, na kutoka hapo ni mlima, kwa miguu au kwa boda, hata ukitaka kununua maji ya kunywa.

Usihadaiwe na bei ya chini ya pembezoni mwa mji. Tuseme chumba cha watu wawili Mamboleo ni shilingi 2,500 na cha katikati ni 3,200. Kwa usiku tatu unaokoa 2,100. Sasa hesabu siku moja: kutoka asubuhi, kurudi kupumzika jua likiwa kali, kutoka tena alasiri, kurudi usiku. Safari nne. Boda ikiwa 100 mchana na 250 usiku, ni 550 kwa mtu, na kisheria pikipiki moja hubeba abiria mmoja, kwa hiyo nyinyi wawili ni 1,100 kwa siku, 3,300 kwa siku tatu. Umepoteza 1,200 na muda wako. Bei hizi ni za mfano; weka zile utakazoambiwa na hoteli yenyewe.

Na hapo ndipo simu inapofanya kazi ambayo tovuti haiwezi. Piga, usitume ujumbe. Ukiuliza, "Je, mko karibu na mji?" utajibiwa, "Karibu tu, dakika tano," na dakika hizo ni za gari. Uliza hivi badala yake: "Samahani, boda kutoka hapo hadi Mnara wa Saa hutoza ngapi mchana? Na saa tatu usiku?" Mtu wa mapokezi huijua bei hiyo bila kufikiri, na bei haidanganyi. Usiku ikipanda kidogo, uko mahali pazuri. Ikizidi maradufu, ama ni mbali, ama barabara ni mbovu, ama waendeshaji hawapendi kwenda huko gizani, na zote tatu ni habari unayoitaka.

Endelea na simu hiyo hiyo. Jiko linafungwa saa ngapi, na Jumapili je? Kiamshakinywa kimo ndani ya bei, na kinaanza saa ngapi? Stima ikipotea, jenereta inawasha taa peke yake au feni pia? Lango linafungwa usiku, na kuna askari wa kufungua? Mwambie pia akutajie alama: ukitoka langoni unapita nini ukielekea mjini. Akitaja petroli, kanisa na duka unaloliona kwenye ramani, alama ya hoteli kwenye ramani ni ya kweli. Asipoelewana nayo, iamini sauti yake kuliko ramani, maana hoteli nyingi ndogo zimewekwa alama mahali zisipo, nyingine mtaa wa pili kabisa.

Wakikuomba malipo ya awali, lipa kwa Till au Paybill, yaani nambari za biashara za M-Pesa, na usome jina la biashara kabla ya kutia PIN. Nambari ya simu ya mtu binafsi kwa chumba ambacho hujakiona ni ya kukataa kwa upole: "Nitalipa nikifika."

Saa ya kufika inawaumiza wengi. Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350, saa saba au nane kwa basi. Ukipanda saa tatu usiku, utashuka saa kumi au kumi na moja alfajiri, na chumba kwa kawaida hupatikana kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Mwenye gari angelala ndani ya gari. Wewe utakaa wapi na mizigo? Kwa hiyo ama panda basi la asubuhi ufike alasiri, ama chagua hoteli ambayo imekubali kwenye simu kwamba mapokezi yako wazi usiku kucha, mzigo utapokelewa, na una pa kuoga na kunywa chai. Uliza pia kampuni ya basi inashusha wapi hasa, kwa sababu baadhi huishia kwenye ofisi zao na si stejini. Kwa ndege, kiwanja kiko kando ya barabara ya Busia, upande wa magharibi wa mji. Matatu za Maseno na Busia hupita barabara hiyo, ila ukiwa na begi kubwa agiza gari kwa programu ya simu.

Ukifika, omba kuona chumba kabla ya kulipa. Hakuna anayekasirika, ni kawaida. Fungua bomba la shawa na la sinki kwa pamoja uone kama maji yanashuka kwa nguvu au yanachuruzika. Washa feni hadi mwisho; ikitetemeka sasa, itakunyima usingizi usiku. Kisha ishushe chandarua na uitandaze hadi chini ya godoro pande zote nne. Chandarua fupi inayoning'inia sentimita kadhaa juu ya godoro ni pambo, na kanda ya ziwa ni kanda ya malaria. Pitisha kiganja kwenye wavu wa dirisha, hasa kwenye pembe, ambako msumari hulegea kwanza. Hoteli za ufuoni huvamiwa pia na mawingu ya wadudu wa ziwani wanaofuata taa; hawaumi, lakini ukiacha dirisha wazi na taa ikiwaka, utawakuta kwenye shuka.

Mambo madogo yanayomfaa mtembea kwa miguu: mtungi wa maji ya kunywa pale mapokezi wa kujazia chupa yako, kwa sababu chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020 na mlangoni Impala hutaingia nazo. Malipo ya kuingia hapo hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hivyo yamalize kwa mtandao wa hoteli kabla ya kutoka. Uliza kama hoteli ina tuktuk wanayemwita kila siku, na uchukue nambari yake. Mwendeshaji anayejulikana langoni ana sababu ya kutokutoza bei ya mgeni, na usiku unajua nani anakuja. Kwa wazee na watoto tuktuk ni afadhali kuliko boda, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Bei mpatane kabla ya kupanda, na useme wazi kama unaikodi peke yako au mnachangia.

Siku ya kuondoka, vyumba hurudishwa saa nne au saa tano asubuhi, na basi lako huenda ni la usiku. Acha mzigo mapokezi, uhesabiwe vipande na uandikiwe. Simu, kitambulisho na dawa tembea nazo. Rudi kuuchukua kabla ya saa kumi na mbili jioni, mchana ukiwa bado upo, na uombe ruhusa ya kubadilisha nguo hapo hapo. Hoteli nyingi zitakupa choo cha wageni bila malipo ukiomba vizuri asubuhi, kuliko ukitokea jioni umelowa na kikapu cha samaki mkononi.