Kurekodi wadudu na mimea ya nyika kavu bila kuwazamisha ziwani

"Mjomba, mbona wadudu wangu wako ndani ya maji?"

Mpwa wangu alikuwa amekuja Nakuru kutoka Kisumu wakati wa likizo, na siku hiyo tulishinda kwenye mawe ya Menengai, kreta ya volkano iliyo karibu na mji, tukipiga picha panzi, mbawakawa na maua ya leleshwa. Jioni akafungua ramani ya iNaturalist, tovuti ambako watu hupandisha picha za viumbe ili watambuliwe, akakuta vidoti vyake vyote vimehamia Ziwa Bogoria, vichache ukingoni, vingine majini kabisa. Nilicheka, maana kosa hilohilo liliwahi kunikesha mimi. Nimeandika hapa tunavyofanya, ili wewe usikeshe.

Hatua ya 1: Mahali na wakati

Menengai si jangwa, lakini mawe yake ya lava hayashiki maji na vichaka vyake vimezoea kiu. Panafaa kujifunzia kabla hujapanda gari kwenda Marigat, kule Baringo, kwenye joto lenyewe. Fika mapema, mdudu akiwa bado na baridi haruki ovyo. Usiende peke yako. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa, na usiingize vidole chini yake kwanza. Nge hapangi miadi na mtu.

Hatua ya 2: Vifaa

Simu, lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu, daftari, penseli. Nasema penseli: wino ukikutana na jasho la kiganja, unabaki na daftari la madoa.

Wavu wa kunasia wadudu sibebi. Najua wapo wanaouapia, lakini mdudu aliye ndani ya wavu hakuonyeshi alikuwa anakula nini wala amekaa juu ya mmea gani, na hilo ndilo ninalolitaka. Programu zinazokutajia jina papo hapo nazo huwa sizifungui hadi nirudi nyumbani. Ukishaambiwa jina, macho yanaacha kufanya kazi.

Hatua ya 3: Picha

Piga ya mbali kwanza, ndipo usogee. Akiruka, angalau unayo moja. Mdudu nampiga kutoka juu, ubavuni, usoni, kisha narudi nyuma nipate mmea alioukalia.

Kwa mimea, ua peke yake halitoshi. Piga jani pande zote mbili, jinsi majani yalivyopangika kwenye kitawi, gome, na mmea mzima. Kwa migunga usiondoke bila picha ya miiba na maganda ya mbegu: kuna yenye miiba iliyonyooka na yenye miiba iliyopinda kama kucha ya paka, na bila kuona hayo hata mtaalamu atabaki anakuna kichwa.

Akitua kwenye mkono wako mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi nyekundu na nyeusi, yule tunayemwita Nairobi fly, mpulize aende zake. Ukimsaga, majimaji yake yatakuachia malengelenge.

Hatua ya 4: Mahali hasa, na saa hasa

Hapa ndipo mpwa wangu alipopotea, kwa hiyo vumilia.

Kwa kawaida simu huandika mahali na saa ndani ya picha yenyewe, nawe huna la kufanya. Shida ni kwamba siku ile alitumia simu yangu, na tuliporudi nikamtumia picha kwa WhatsApp. Picha ikipita hapo kama picha, taarifa za mahali hubanduliwa. Itume kama dokumenti, au uhamishe kwa waya. Sikukumbuka. Ikabidi aandike mahali kwa mkono, kutoka kwenye daftari.

Daftarini alikuwa ameandika "K 0.23, M 36.10". M ni mashariki, sawa. K je? Kusini au kaskazini? Kwa Kiswahili zote mbili zinaanza na K! Alipoingiza 0.23 bila alama ya kutoa, ramani ikaelewa kaskazini. Menengai iko kusini mwa Ikweta, hivyo ilitakiwa iwe -0.23. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111; kutoka -0.23 hadi 0.23 ni kilomita 50 hivi, na ukizihesabu kwenda kaskazini unatua Bogoria.

Ningekuwa naandika haya kwa mtu wa Mombasa, kosa lingejifichua lenyewe, maana vidoti vingeruka mbali sana. Sisi tunaishi karibu na mstari wa Ikweta. Ukikosea alama ukiwa Nakuru unaangukia Baringo, ambako nako kuna ukavu, kuna migunga, kuna panzi, na hakuna atakayeshtuka. Ukikosea ukiwa Dunga pale Kisumu, unawapeleka wadudu wa mafunjo upande wa Kakamega. Mpwa wangu ana bahati kwamba panzi wake walizama, la sivyo tusingejua.

Kwa hiyo daftarini andika neno zima, "kusini", au andika alama ya kutoa hapohapo porini. Nami naongeza jina la mahali: "mteremko wa Menengai, karibu na njia".

Angalia pia kama simu yako inaonyesha digrii na dakika au desimali. Dakika 14 si 0.14. Gawa 14 kwa 60 upate 0.23. Ukichanganya, umesogea kilomita kama 10. Na kabla ya kunakili namba, subiri kile kiduara kwenye ramani ya simu, kinachoonyesha usahihi wa mahali, kipungue. Bondeni au kando ya ukuta wa mawe kinachukua muda.

Saa nayo ina mtego wake. Mpwa aliandika "saa 2" akimaanisha saa mbili asubuhi, akaingiza 2:00, na kipepeo wake akawa anaruka saa nane usiku. Andika 8:00.

Rekodi zangu za zamani nilizirekebisha moja moja hadi alfajiri. Baadaye ndipo nikaona kuwa kwenye tovuti unaweza kuchagua nyingi ukazihariri kwa pamoja.

Hatua ya 5: Pandisha

Weka picha zote za mdudu mmoja kwenye rekodi moja. Jina andika lile unaloweza kulitetea tu. "Mbawakawa" ni jibu halali. Zaidi ya theluthi mbili ya wanaotambua wakikubaliana hadi kwenye spishi, rekodi hupanda daraja na kufaa kwa utafiti. Ukiona kidoti cha kiumbe aliye hatarini kimesogea, usikimbilie kukirekebisha: tovuti huficha mahali halisi makusudi.

Kipepeo wa mpwa alipata jina siku iliyofuata. Panzi wake wa kwanza, yule wa majini, bado ameandikwa "panzi" tu, ila sasa yuko Menengai.