Kutoka uwakili kwenda uhakimu: namna ya kupima na kuandika sababu zako ukiwa Mwanza

Wakili wa Texas akitaka kuwa jaji wa eneo lake hugombea kwa tiketi ya chama, hubandika mabango, huchangisha fedha na kuwaeleza wapiga kura kwa nini wampe kiti. Wakili wa Mwanza hana wa kumwomba kura. Sababu zake zitasomwa na watu wachache wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, kisha zitachokonolewa na jopo la usaili lenye wanasheria wanaojua kazi hiyo kuliko yeye. Ndiyo maana maneno yanayopendeza jukwaani huharibu huku kwetu. Ukiandika "nitakuwa mkali kwa wahalifu", umeshaliambia jopo kwamba mshtakiwa atakayesimama mbele yako amehukumiwa kabla ya kusomewa shtaka.

Mwongozo huu ni wa wakili wa kujitegemea anayeingia mahakamani kila wiki, mwenye mashauri Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema au Ukerewe, ambaye wazo la uhakimu limeanza kumkaa kichwani.

Kwanza jua unaomba nini

Hakimu huajiriwa na Tume, kwa mamlaka ya ibara ya 113 ya Katiba. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume hiyo, chini ya ibara ya 109, na lazima awe ametimiza sifa za kisheria kwa miaka isiyopungua 10. Watu huchanganya njia hizi mbili, na barua ya kuomba uhakimu inayozungumzia "ndoto ya ujaji" humfanya msomaji adhani unataka kupita tu.

Nafasi ambayo mawakili wengi huanzia ni Hakimu Mkazi. Sifa za msingi ni uraia, shahada ya sheria na cheti cha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School. Miaka yako ya uwakili ni nyongeza nzuri, lakini haikupi kiti cha juu moja kwa moja. Hakimu Mkazi anaweza kupangiwa Mahakama ya Mwanzo, akaanza na mirathi, talaka, madai madogo na matusi ya majirani. Kama umezoea mashauri ya makampuni na benki pale mjini, jiulize leo kama unaweza kusikiliza ugomvi wa mgawanyo wa ng'ombe wanne kwa uzito uleule. Kama jibu ni hapana, usipoteze muda wa mtu.

Kituo cha kazi nacho hakichaguliwi na mwombaji. Unaweza kuomba ukiwa Mwanza ukapelekwa Tunduru. Kwa hiyo sababu yoyote inayosimama juu ya "kuwatumikia watu wa nyumbani" ina mguu mmoja.

Tafuta sababu kwenye majalada yako

Chukua majalada 20 ya mashauri yaliyokwisha, yawe ya jinai na madai. Kwa kila moja andika idadi ya mara lilipoahirishwa na aliyesababisha: shahidi hakufika, upelelezi haujakamilika, hakimu ana udhuru, mtandao umegoma, wakili wa upande wa pili anaumwa, au wewe mwenyewe ulikuwa Mahakama Kuu siku hiyo. Usijipendelee. Mawakili wengi wakifanya zoezi hili kwa haki hukuta jina lao kwenye orodha mara nyingi kuliko walivyotarajia, na hapo ndipo sababu ya kweli huanza kuonekana.

Kanda ya Ziwa ina yake. Shahidi wa kesi ya wizi wa injini ya boti ni mvuvi. Alitoa maelezo polisi akiwa kambi ya kisiwa cha Irugwa. Samaki wakihama naye huhama, na tarehe ya kusikilizwa inapofika yuko upande wa Kagera au Mara. Aliye kisiwa cha Ukara hupanda chombo kwenda Bugorora au Nansio, na ziwa likichafuka hasafiri. Sengerema kumepungua taabu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwa kuwa foleni ya kivuko haiwezi tena kuwa kisingizio. Visiwani hali ni ileile. Mwombaji anayeweza kueleza jinsi atakavyopanga mashahidi wa visiwani wasikilizwe siku moja mfululizo, badala ya kumwita mmoja mmoja kwa miezi sita, ana sababu. Anayesema tu "napenda haki" bado hajafika.

Makosa yanayorudisha mashauri nyuma

Hili ndilo eneo ambalo wakili wa mahakamani ana faida kubwa kuliko mhitimu aliyetoka shule jana, na ndilo wengi husahau kulitumia. Umeandika rufaa na kuzijibu. Unajua hukumu inavunjwa wapi.

Kielelezo cha maandishi hupokelewa, hakimu anakipa namba, shahidi anaendelea kuongea, lakini hakuna aliyekisoma kwa sauti. Rufaa ikifika juu, kielelezo kinaondolewa kwenye kumbukumbu, na kama ni PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari) au hati ya ukamataji mali, shauri hubaki likining'inia kwenye ushahidi wa mdomo. Mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 hutoa ushahidi bila kuahidi kusema kweli na kutosema uongo, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, au ahadi inatolewa lakini hakimu anasahau kuiandika. Mshtakiwa anajibu "ni kweli lakini alinianza yeye", karani anaitikia, na mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri, unasema amekiri kosa. Hakimu anahamishwa, mwingine anapokea jalada katikati, na hakuna sababu ya mabadiliko iliyoandikwa. Ushahidi wa shahidi unakwisha bila saini ya hakimu chini yake.

Kila moja ni kosa la dakika mbili linalogharimu miaka miwili. Mshtakiwa anakaa gereza la Butimba akisubiri shauri lianze upya, na mlalamikaji amechoka, haji tena. Ukitaka kueleza kwa nini unafaa kiti hicho, eleza kosa mojawapo kati ya haya, lilivyotokea kwenye aina ya shauri ulilolishughulikia (bila majina ya wadaawa, yaani pande za shauri), na utaratibu utakaoutumia ili lisitokee kwako. Wengine huweka karatasi ngumu mezani yenye hatua za kupokea kielelezo: kitambulishwe, upande wa pili uulizwe kama una pingamizi, kipokelewe, kipewe alama, kisomwe. Ni kitu kidogo, ila jopo litajua unaifahamu kazi.

Tahadhari ya namba za vifungu: Toleo la Sheria lililorekebishwa la 2023 lilipoanza kutumika Julai 2025, vifungu vingi vilibadilika namba. Ukikariri vya zamani utataja kifungu kisichohusika mbele ya watu wanaoshika toleo jipya.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja, maneno kama 350 hadi 400. Aya ya kwanza itaje nafasi na kumbukumbu ya tangazo kama ilivyoandikwa. Aya ya pili iseme kazi uliyofanya kwa hesabu: miaka mingapi, mahakama zipi, aina gani ya mashauri, mangapi uliyasimamia mwanzo hadi hukumu. Aya ya tatu ndiyo ya sababu, na iwe ndefu kuliko zote. Ya nne iseme uko tayari kupangiwa kituo chochote, basi.

Linganisha. "Nina shauku kubwa ya kuleta mabadiliko katika mhimili wa Mahakama" haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa na mtu yeyote. Lakini "Katika mashauri 20 niliyoyapitia, 9 yaliahirishwa zaidi ya mara tatu kwa shahidi mmoja kutofika, nitapanga usikilizaji mfululizo na kutoa wito kupitia watendaji wa vijiji mapema" inaweza kuulizwa maswali. Hiyo ndiyo unayoitaka. Hesabu hizo ni mfano tu. Weka zako, kwa kuwa utaulizwa ulizipataje.

Usiwaseme vibaya mahakimu waliopo, hata kwa mafumbo. Mwanza ni ndogo. Na usitaje mshahara wala usalama wa ajira kama sababu, ingawa si dhambi kuvifikiria. Vifikirie nyumbani kwa kalamu: pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, huhitaji michango ya miezi 180, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Ukiajiriwa ukiwa na miaka 46 utafikisha miezi 168. Waulize PSSSF mapema namna michango yako ya NSSF, mfuko wa sekta binafsi, itakavyohesabiwa.

Viambatisho huangusha watu wenye sifa zote. Matangazo ya ajira za umma kwa kawaida hukataa hati za matokeo za kidato cha nne na sita na kutaka vyeti vyenyewe. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mabula na cha shahada kinasema Mabulla, tengeneza hati ya kiapo ya majina kabla, si usiku wa mwisho. Shahada ya nje ya nchi ihakikiwe na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Ukomo wa umri, namna ya kutuma na tarehe ya mwisho vifuate kama tangazo linavyosema, na utume siku tatu kabla, maana mfumo hulemewa mwishoni. Kuhusu vimemo vya "mjomba anayefahamiana na mkubwa fulani", achana navyo. Kimemo kikifika mezani kwa mtu asiyependa mambo hayo, wewe ndiye unayeangukiwa.

Kujiandaa kwa usaili

Tarajia sehemu ya kuandika na ya mahojiano. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na hapa mawakili tuliolelewa kwenye Kiingereza cha vitabuni huchekesha. Jizoeze kuandika hukumu ya kurasa mbili kwa Kiswahili kwa dakika 60: maelezo mafupi ya shauri, hoja zinazobishaniwa, uamuzi juu ya kila hoja na sababu zake. Ukiona aya yako ya sababu ni fupi kuliko ya maelezo, bado unaandika kama wakili anayesimulia kesi ya mteja.

Soma ibara ya 107A na 107B za Katiba, zinazohusu utoaji haki na uhuru wa Mahakama, hadi uweze kuzieleza bila kuangalia. Swali linalopendwa ni lile la mgongano: haki isifungwe mno na masharti ya kiufundi, lakini pia utaratibu lazima ufuatwe. Jibu kwa mfano. Kosa la tahajia kwenye hati ya madai linarekebishika. Kukata rufaa nje ya muda bila kibali kunagusa mamlaka ya mahakama yenyewe.

Utaulizwa pia ungefanya nini mteja wako wa zamani akisimama mbele yako. Mahakama ya Rufani imeshaweka sababu tatu za kumkataa hakimu: uhasama kati yake na mdaawa, ukaribu na upande mmoja, au maslahi yake au ya familia yake katika matokeo. Jibu bora ni la kivitendo: utatunza orodha ya wateja wako wa miaka ya karibuni, utalisema jambo hilo mahakamani kabla mtu hajaliuliza, na jalada litarudi kwa Hakimu Mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, likapangiwe mwingine. Kujitoa kwa kila tetesi nako ni kosa. Wadaawa wajanja wataanza kukuchagua kwa kukukataa.

Unachokiacha

Ibara ya 113A inamkataza hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa. Kura yake anabaki nayo. Kama una kadi, hilo liamue kabla ya kuomba. Malalamiko juu ya hakimu hupelekwa kwenye kamati za maadili za mkoa na wilaya, zinazoongozwa na Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, kwa hiyo zile salamu za "Wakili Msomi" pale Mwaloni Kirumba, bia ya kununuliwa na lifti ya gari la mfanyabiashara vinageuka ushahidi.

Ukipata barua ya ajira, usifunge ofisi kwa kung'oa kibao. Kila shauri linaloendelea linahitaji ombi la kujitoa lenye ruhusa ya mahakama, na mteja apewe taarifa ya maandishi mapema, pamoja na nakala ya jalada lake atakayompa wakili mwingine. Fedha za wateja zirudishwe na kila mmoja asaini kupokea. Kama una mshirika, ugawane ada za mashauri yaliyobaki kwa mkataba unaokutoa kabisa. Asilimia utakayoendelea kulipwa shauri likishinda ni maslahi katika matokeo, hata kama linasikilizwa Geita na wewe uko Tunduru. Kisha mwandikie Msajili wa Mahakama Kuu kuhusu kusitisha kazi ya uwakili, na uondoe mhuri wako wa ofisa viapo kwenye droo ya katibu muhtasi kabla hajaendelea kuutumia.