Mshkaji kapigwa kibuti anataka kitabu, umpe kipi?

Wewe ndo msomaji wa kwenye kampani, kwa hiyo jamaa akiachwa anakuja kwako, "nipe kitabu basi nisome, kichwa hakipo sawa". Usikurupuke. Wiki za mwanzo mtu halali, hali, anachungulia tu stetasi za huyo dada usiku kucha, hapo hata ukimpa kitabu gani hasomi, mtoe tu mkale.

Vya kukwepa kabisa ni vile vya "wanawake wote ndo walivyo". Vinanoga sana kwa mwenye hasira, kurasa kumi tu keshapata sababu ya kila kitu, halafu hasira zote anaenda kumtwisha dada mwingine ambaye hajamkosea chochote. Halafu ujue kitabu kinaishaje kabla hujampa. Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) mi naikubali mno, ila Kazimoto, mhusika mkuu, mwishoni anajiua, so mtu asiyelala usimpe. Na akianza habari za kufa achana na vitabu, kaa naye, mpeleke hospitali.

Akishatulia mi ningeanza na riwaya, sio vitabu vya ushauri, maana mwanaume ukimshauri anabisha ila akisoma mambo ya mtu mwingine anajiona mwenyewe bila kunyooshewa kidole. Utengano ya Said Ahmed Mohamed inafaa sana kwa yule aliyezoea kuamrisha, yule Maksuudi anawafungia ndani mkewe na binti yake akidhani ndo heshima, na nyumba ikaja kumsambaratikia yeye mwenyewe. Kama yeye ndo aliyechepuka (muulize, mara nyingi hilo hasemi mapema) mpe Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal. Ramatoulaye kazaa na mumewe watoto 12, jamaa akaenda kuoa rafiki wa binti yao, na mama anamuandikia shoga yake yote yaliyomkaa moyoni. Ni lini mara ya mwisho mshkaji wako alimsikiliza mwanamke aliyeumizwa mpaka mwisho bila kumkatiza?

Kama Kiingereza kinapanda kuna The Will to Change ya bell hooks, mwandishi wa Marekani (2004), inaongelea jinsi wavulana wanavyofundishwa kuzima hisia mpaka wakikua hata kupenda kunawashinda. Attached (2010), inayoongelea aina za watu kwa jinsi wanavyojishikiza kwa wapenzi wao, nayo wengi wanaipenda, ni nyepesi, ila mwambie kabisa ajipime yeye kwanza yupo aina gani, la sivyo atamaliza kitabu kizima anampima aliyemuacha tu.

Kumpa nako kuna namna yake. Kimoja tu, muazime, bila hotuba, na usimuulize kila siku kafika wapi kama mwalimu wa zamu. Akikaa nacho muda mrefu hajafungua, kichukue, mpe chembamba zaidi, na hapo Barua inasaidia maana haina kurasa nyingi.