Punda anachechemea miguu ya mbele? Ondoa sado ya pumba kwanza

Hili ni zizi la nne ndani ya mwezi mmoja ninakuta jambo lile lile: punda amelala, kwato za mbele zina moto, na karibu na pua yake kuna sado imejaa pumba za mahindi. Mwenye punda ananieleza kwa upole, "Bwana mifugo, nimemwongezea apate nguvu ya kupona." Huruma hiyo ndiyo inayommaliza. Huku Kongwa na Kibaigwa, mavuno yakianza, mashine za kukoboa hazilali na pumba hazina shida kupatikana. Punda wa mkokoteni ndio wanaolipia.

Kama ni mguu mmoja tu, inua ukwato, usafishe, tafuta jiwe, msumari au usaha. Ninayemsema mimi anaumwa miguu yote miwili ya mbele. Anakanyaga kama yuko juu ya makaa, hasa ukimkata kona, na kila mara anahamisha uzito mguu huu kwenda ule. Weka vidole viwili nyuma ya mguu, kati ya kifundo na kisigino cha ukwato. Mshipa ukikugonga kwa nguvu, ni laminaitisi, yaani uvimbe wa ndani ya ukwato. Punda huficha maumivu. Ukishamwona anachechemea waziwazi, ujue ameanza kuumia zamani.

Pumba zimejaa wanga. Ukizidi, unapita tumbo bila kumeng'enywa, unafika utumbo mpana na kuchacha huko kama togwa iliyosahauliwa. Sukari ya damu nayo inapanda na kuvuruga homoni. Tabaka laini zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato zinavimba na kuanza kuachia. Zikiachia kabisa, mfupa unazama kuelekea unyayo, na hapo sina dawa ya kukupa.

Sasa kipimo, na tafadhali tumia mizani, si macho. Punda wa kilo 140 anahitaji lishe kavu kama asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani takriban kilo 2. Ziwe nyasi kavu zilizokomaa au mabua makavu ya mahindi ambayo umeyakagua yasiwe na gunzi lenye punje. Yenye ukungu tupa mbali. Sumu ya ukungu wa mahindi huharibu ubongo wa punda. Gawa mara nne, na fungu kubwa liwe la usiku. Maji yawepo muda wote, na jiwe la chumvi. Pumba, punje, molasi na majani mabichi yaliyochipua baada ya mvua: sifuri. Si kiganja kimoja, si "kidogo tu cha kumbembeleza". Sifuri.

Wapo walionisikia nusu. Niliwaambia waondoe pumba, wao wakamfunga punda bila chochote siku mbili. Jamani! Punda akikosa chakula, mwili unayeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, ini linazidiwa, naye anakufa kabla hata kwato hazijapoa. Aliye mnene au mwenye mimba ndiye wa kwanza kuondoka. Akigoma kula siku nzima, muite daktari siku hiyo hiyo.

Saa 48 za mwanzo ndizo zenye thamani. Msimamishe kwenye maji baridi yanayovuka kifundo, muda mrefu kadiri uwezavyo, na barafu ukiipata. Mtandikie mchanga mkavu kina cha shubiri moja ili unyayo upate pa kuegemea. Usimtembeze "anyooshe miguu". Dawa ya maumivu apangiwe na daktari wa mifugo, maana punda huimaliza mwilini haraka kuliko farasi na kipimo cha farasi hakimtoshi. Ile sindano ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, mnayoikimbilia kwenye maduka ya dawa acheni, inaweza kuuzidisha ugonjwa huu huu.

Mkokoteni ukae pembeni hadi zipite siku 30 tangu aache kuchechemea bila dawa. Najua siku 30 bila mkokoteni ni siku 30 bila hela. Kununua punda mwingine ni zaidi.

Kwato zikatwe kila wiki 6 hadi 8, kidogo kidogo, kwa kisu cha kwato na tupa. Mzee mmoja alinionyesha kwa fahari kwato alizozisawazisha kwa panga siku moja. Damu ilikuwa bado inachuruzika. Ukwato mpya huchukua miezi 9 hadi 12 kushuka wote, hivyo hakuna cha kuharakisha.

Akianza kupona, mapigo ya ukwato yatapoa na atageuka kona bila kusita.

Hata hapo pumba hazirudi. Punda aliyewahi kuugua hivi hurudiwa upesi, safari hii hata kwa pumba kidogo tu. Pumba hizo wapeni kuku.