Kupandisha na Kushusha Sauti kwa Sampla na Lupa

Mtu aliyewahi kuimba kwaya ana faida anaposhika sampla, yaani mashine inayorekodi kipande cha sauti na kukicheza tena kwa kubonyeza vitufe vyake viitwavyo pedi, kwa mara ya kwanza, kwa kuwa namba anazoziona kwenye skrini si ngeni kwake: kila moja ni hatua ya nusu toni, kutoka do hadi mi ni hatua 4, kutoka do hadi so ni 7, na kutoka do ya chini hadi do ya juu ni 12. Jambo ambalo kwaya haifundishi ni kwamba katika sampla, isipokuwa umeiamuru vingine, kupandisha sauti ni kukiharakisha kipande na kuishusha ni kukipunguza mwendo. Kipande cha sekunde 2 kikishushwa hatua 12 huchukua sekunde 4. Kikipandishwa hatua hizo hizo humalizika kwa sekunde 1. Sampla za siku hizi zinaweza kutenganisha sauti na mwendo, lakini nashauri uuzime uwezo huo unapojifunza, kwa sababu karibu kila ninachokieleza hapa hutokana na mambo hayo mawili kwenda pamoja.

Anza na sauti yenye ukali mwingi. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, asubuhi, uombe ruhusa, kisha urekodi dagaa wakavu wakimiminwa kutoka kwenye gunia. Mlio wake ni kama mvua ya changarawe. Ukishushwa hatua 12 hugeuka kuwa wimbi linalovuta kokoto kuelekea ziwani. Mlio huo unastahimili kushushwa kwa sababu una masafa mengi ya juu, yaani mitikisiko mingi ya kasi inayopimwa kwa hezi. Rekodi ya kawaida ya sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde hufika takriban hezi 22,000; ukiishusha hatua 12 kilele chake kinakuwa 11,000, na kwa hatua 24 hakizidi 5,500. Injini ya mtumbwi iliyorekodiwa kwa mbali, ambayo tayari haina ukali, ikishushwa hivyo huwa tope tupu. Kabla hujashusha chochote, kata masafa yaliyo chini ya hezi 100, hasa kama ulirekodi mchana upepo wa ziwani ukivuma, maana mngurumo wa upepo ukishushwa hausikiki kwenye spika ndogo lakini unaendelea kula nafasi ya sauti nyingine.

Hila ya kurekodi kitu kikiwa juu ili ukishushe baadaye ni ya zamani. E-mu SP-1200, sampla iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na kumbukumbu ya sekunde 10 hivi tu, kwa hiyo watayarishaji wa hip hop wa Marekani walicheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45, wakairekodi ikiwa fupi, kisha wakaishusha ndani ya mashine kwa hatua 5 hivi. Walikuwa wanabana matumizi, lakini ukwaruzo uliobaki ndio watu wanaoutafuta hadi leo.

Kwa sauti ya mwimbaji, fanya kinyume. Sauti ya mtu ikipandishwa hatua 5 au zaidi huwa ya katuni, kwa kuwa pamoja na noti hupanda pia mwangwi wa koo na kinywa, ambao ndio humwambia msikilizaji ukubwa wa mwimbaji. Mwombe aimbe hatua 3 chini ya ufunguo wa wimbo, kwa mapigo 90 kwa dakika. Ukimpandisha hatua 3 utapata takriban mapigo 107 na sauti changa kidogo, isiyochekesha. Hifadhi nakala ya asili pembeni. Mimi nilipoteza kazi ya asubuhi nzima kwa kuhifadhi kipande kilichopandishwa juu ya kile cha kwanza.

Kinachonivutia zaidi ni hatua 7. Ukipandisha kipande kwa hatua hizo, mwendo wake unakuwa karibu mara moja na nusu, maana yake ni kwamba nakala iliyopandishwa huzunguka mara tatu wakati ile ya asili inazunguka mara mbili. Chukua mzunguko mmoja wa ngoma, uuweke kwenye pedi mbili, ya kwanza kwenye 0 na ya pili kwenye +7, uzianzishe pamoja, nawe utapata tatu juu ya mbili, mchezo ambao mpiga ngoma wa huku hahitaji kuelezwa. Kama umerekodi bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, chagua mahali penye nafasi kati ya mapigo, la sivyo nakala mbili zitasongana. Tahadhari moja ni kwamba hatua 7 hazitoi 1.5 kamili bali takriban 1.498, na baada ya dakika moja pedi ya pili itakuwa imechelewa kwa karibu sekunde 0.07, kiasi ambacho sikio hukigundua. Ianzishe upya kila baada ya mizunguko michache.

Lupa, yaani lile kanyagio linalorekodi kipande na kukirudia, mara nyingi haina hatua ndogo hizi, lakini baadhi, kama Line 6 DL4 ya mwaka 1999, zina nusu mwendo. Rekodi gitaa kwa mapigo 160, bonyeza nusu mwendo, na tabaka hilo litashuka oktavi moja, yaani hatua 12, na kutembea kwa mapigo 80 kama besi. Sasa piga gitaa la kawaida juu yake. Ukirudisha mwendo kamili, besi inakuwa gitaa tena, na lile gitaa la pili linapanda oktavi na kukimbia kama mandolini. Kwa kuwa oktavi haibadilishi ufunguo, tabaka zote zinaendelea kupatana. Tabaka unalorekodi kwenye nusu mwendo hupoteza ukali, kwa hiyo ongeza trebo (sauti za juu) kwenye gitaa kabla ya kukanyaga, na usipige noti ndefu pale mwisho wa mzunguko unapokutana na mwanzo, kwa sababu mkato wake utasikika kila unaporudi.