Kabla hujalipia hosteli Kampala
Ndugu zangu mnaokuja kusoma Makerere kutoka Kenya, Tanzania au Kongo: hosteli nyingi za Kikoni na Wandegeya, mitaa iliyo jirani na chuo, hulipiwa kwa muhula mzima, na pesa ikishatoka, kurudishiwa ni kazi. Msilipie kwa picha za WhatsApp. Fika mwenyewe, tena jioni, wenzako wanapooga na kupika. Panda hadi ghorofa ya juu kabisa, fungua bomba uone kama maji yanatoka kwa nguvu au yanadondoka tu. Kisha muulize mpangaji, si msimamizi, maji ya mjini yakikatika tangi hudumu siku ngapi. Mimi ningechukua chumba kidogo chenye maji kuliko kikubwa kikavu. Na risiti iwe na muhuri.